Niliyemwita Mwizi Mbele ya Watu

Miaka ile ya tisini nilikuwa askari magereza Jinja, na nilijiona fundi wa kila kitu. Injini ya gari langu ilipokufa, nilinunua nyingine iliyotumika kwa Hajji Swaibu, muuza vipuri wa Mbale, nikaifunga mwenyewe nyumbani kwangu Mafubira, pembeni mwa Jinja. Iliwaka mara moja. Lakini hata nikikanyaga klachi mpaka chini, gia haikuingia, ilikwaruza tu.

Mke wangu aliniuliza taratibu, "Una hakika ulifunga vizuri?"

Nikamjibu kwamba tumeuziwa kitu kibovu.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko, lakini nilivaa sare, nikaenda Mbale na kumwita Hajji mwizi mbele ya wateja wake. Wote walirudi nyuma. Waliogopa sare, na moyoni nilijua ndiyo sababu niliivaa. Mzee alitaka aione injini mwenyewe. Alifunga duka, tukapanda teksi pamoja mpaka Mafubira.

Tuliitoa injini uani, majirani wakitazama. Hajji aliichunguza klachi, akapangusa mikono.

"Afande, injini ni nzima. Sahani ya klachi umeifunga kinyume."

Niliitazama, nikaona ni kweli. Alinisaidia kuigeuza, na tulipoirudisha injini garini, gia iliingia laini. Nikamwomba radhi kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

"Mimi nimekusamehe, bwana," alisema, akiketi kwenye kiti cha mbele cha gari. "Lakini mwizi uliniita kule Mbale, si hapa. Endesha, twende ukawaambie."