Kekee ya Babu Si ya Jandoni

Hebu niambie, ndugu yangu, ungekuwa wewe ungenyamaza? Wiki iliyopita nilitoka Nachingwea kwenda Ruangwa kwenye maonyesho ya vitu vya zamani. Natembea zangu, natazama vinu na mitungi, mara naiona kekee ya babu yangu ya kutobolea mbao imelazwa mezani na kadi: "Kifaa cha kuwashia moto wa jandoni."

Jandoni! Ala! Hivi sisi watu wa Kusini hatukuwa na kazi nyingine? Kikiokotwa kijiti cha zamani, basi ni cha jando. Kisipokuwa cha jando, ni cha mganga. Kwamba mtu alikishika akafanya kazi, hilo haliwajii akilini kabisa hawa watu wa maonyesho.

Huyo babu alikuwa mjomba wake mama yangu, seremala wa kule Kiegei. Ujanani alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, mashine ikamla mkono wa kushoto hadi kiwiko. Sasa kutoboa mbao kwa kekee kunataka mikono miwili: mmoja unavuta uta, kamba ya uta inazungusha kijiti chenye ncha ya chuma, wa pili unakandamiza kwa juu. Babu hakuwa na wa pili. Akachonga kipande cha mpingo, akakitia juu ya kijiti, akawa anakiuma kwa meno na kukandamiza kwa taya. Ubao aliubana kwa miguu.

Bibi, dada yake, akiepua ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, mimi ndiye niliyempelekea. Nilikaa kwenye maranda ya mninga, nakula na kusikiliza kekee ikilia kriii, kriii. Majirani walikuja na umbea wao, yeye anaguna tu, mate yanamchuruzika kidevuni. Akishatema kile kipande ndipo anasema, "Mdomo wenye kazi hausengenyi mtu." Kitanda nilichozaliwa juu yake, mlango wa jikoni, hata jeneza la kijiji, vyote vilipita kwenye meno yale. Leo vitanda vinaletwa vya chuma, na ile sauti sijaisikia tena popote.

Nikamwita kijana aliyesimamia meza. "Mwanangu, hii ni kekee ya seremala. Tazama alama za meno yake hapa."

"Hapo panya wametafuna tu, mama," akasema, anacheka.

Panya! Nikaitwaa kekee, nikauma ule mpingo mbele za watu, mkono wa kushoto nikauweka mgongoni, nikavuta uta. Kijiti kikazunguka, kikaanza kuichimba meza yao. Watu wakashangilia. Nilipoutema ule mpingo, nikamwambia yote niliyokuambia wewe, na mengine ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtoto wa mwenzie.

"Nisamehe, mama," akasema, akaichana ile kadi na kuchukua nyingine. "Tuandike vizuri basi. Babu alikuwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Sisi watoto tulimwita Babu Fundi. Majirani walimwita Fundi. Bibi alimwita kaka. Wote waliolijua jina lake wako udongoni, nami miaka yote ile ya kula ming'oko pembeni yake sikuwahi kuuliza. Kijana alikuwa ananingoja na kalamu yake, na mimi nilikuwa nimetoka kumtukana kwa kutojua kwake.