Panga ni kwa Mkato

Ilikuwa mwaka 1995, kiangazi cha mwezi wa nane, dhahabu ilipokuwa imewatia watu wa Tarime wazimu. Siku hiyo niliona swali la mtihani likisimamisha panga hewani.

Msidhani natania. Nimefundisha miaka mingi, na utani siupendi.

Nilikuwa uani kwangu, Nkende, nikimwandaa mjukuu wangu Mokami kwa mtihani wa darasa la saba. Maswali ya ulinganifu yalimshinda. Nikamuuliza: panga ni kwa mkato, kama nyundo ilivyo kwa kitu gani?

"Msumari," akajibu upesi.

Nikamchapa rula. "Umemkimbilia jirani wa nyundo. Uliza kwanza panga na mkato vina undugu gani."

Akanuna, akafikiri. Panga huacha mkato, akasema. Basi nyundo huacha mbonyeo.

Kabla sijamsifu, yowe likapigwa.

Wanaume wakajaa uani, wamebeba maiti iliyoviringishwa blanketi. Ilikuwa ya Kisyeri, mchimbaji aliyekutwa amekufa shimoni asubuhi ile. Mbele alitangulia baba yake, mzee Magige, panga mkononi. Walimtaka Mseti, kaka yake Mokami, kwa sababu aligombana na marehemu kilabuni. Na panga la Mseti, lililoegemea ukuta, lilikuwa na damu.

Nikawaambia ni damu ya mbuzi tuliyemchinja. Nani alisikia?

Wakamburuta Mseti nje, wakampiga mateke mpaka akatema meno. Machage, aliyechimba shimo moja na marehemu, ndiye aliyewachochea kuliko wote.

"Mkate, mzee. Au unamwonea haya?"

Magige akashusha panga. Mseti akajikinga kwa mkono wa kulia. Kiganja kikaanguka vumbini.

Panga likainuliwa tena.

Mokami akapiga magoti katikati yao. "Shikamoo, babu."

Mzee wa kwetu haiachi shikamoo ya mtoto bila jibu, hata akiwa na damu usoni.

"Marahaba," Magige akasema, panga likiwa juu.

"Babu, kidonda cha Kisyeri umekiona?"

Hakuwa amekiona. Machage ndiye aliyemtoa marehemu shimoni, akamviringisha, akawaonya kwamba kumfunua kabla ya wajomba kufika ni mkosi.

Magige akafunua blanketi. Hapakuwa na mkato hata mmoja. Fuvu lilikuwa limebonyea, duara, sawasawa na uso wa nyundo ya kupasulia mwamba.

Katika shimo lile Kisyeri alishika patasi. Mgongaji wa nyundo alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua.

Machage akakimbia. Walimkamata kwenye ua wa minyaa, na mfukoni mwake wakakuta jiwe la dhahabu la marehemu. Polisi walipofika, hakuwa na uso wa kutambuliwa.

Mokami alifaulu. Nanyi mnaosoma, shikeni hili: ukikimbilia jibu lililo karibu, utamkata asiyehusika.

Mvua za vuli zilipoanza, Magige alikuja peke yake, na ng'ombe wake wa kulimia. Mseti alikuwa kizingitini, mkono umefungwa kitambaa.

"Kijana wangu," mzee akasema, "nilichukua mkono wako. Nimeleta wangu."

Akaingia shambani, akalima mpaka mpakani. Alirudi kila msimu, hadi mwaka aliozikwa.