Nilivyoifungua mashine ya kamba Tanga nikaenda kuifunga Marekani

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo.

Kuna uzi humu watu wanabishana kwa nini wageni wenye viwanda wanakwenda kujenga Marekani, wakati mfanyakazi wa kule ni ghali kuliko sisi. Nimeusoma wote, nikanyamaza. Leo nasema yaliyonikuta, na chumvi sitii.

Mimi ni fundi mashine, mzaliwa wa Ngamiani, sasa nakaa Mabawa. Miaka kumi na moja nimefanya kazi kiwanda cha kamba za mkonge hapa Tanga.

Mwenye kiwanda alikuwa Mreno, tulimwita Bwana Paulo. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini mtoto wako akiugua, atauliza hali yake mpaka apone.

Kamba zetu karibu zote zilikwenda Marekani. Wakulima wa kule wanafungia majani makavu ya ng'ombe.

Basi siku moja akatukusanya uani. Akasema anajenga kiwanda kipya, na anakijenga Marekani. Zile mashine mbili nzuri zinaondoka. Hapa zinabaki za zamani.

Nikamfuata ofisini. Nilikuwa na hasira wakuu, sifichi.

"Bosi, kule mtu mmoja unamlipa mshahara wetu sisi kumi. Unafuata nini?"

Hakukasirika. Akanivutia kiti.

"Nafuata mnunuzi," akasema. "Kamba ikitoka hapa inakaa melini wiki nyingi. Ikifika, ushuru. Na ushuru wenyewe siku hizi leo hivi, kesho vile. Kule jimbo limenipa eneo na barabara mpaka getini, na umeme haukatiki. Spea naagiza leo, kesho nimepata. Wewe beringi ya mwisho uliisubiri muda gani?"

Niliisubiri mwezi na nusu, mashine imelala.

Kisha akaniomba niende nikazifunge mashine kule, wiki sita. Nikakubali. Hapo mwenye kunilaumu anilaumu, ila nilitaka kupaona.

Siku ya kuzifungua, aliyenikaa moyoni ni Bi Zuhura.

Huyu ni mama wa Kipemba wa miaka hamsini na sita, mkaguzi wetu wa uzi wa kamba. Alikuwa anaupitisha uzi katikati ya vidole viwili, huku anapiga soga na wenzake. Akifika penye wembamba anasita, anasema "hapa." Ukipima, kweli ni hapo.

Alisimama pembeni akatazama nikilegeza boliti mpaka ya mwisho.

Nikaenda.

Wakuu, kile kiwanda ni kikubwa, kisafi, na kina watu tisa tu. Sisi tulikuwa themanini na kitu. Wiki sita umeme haukukatika hata mara moja. Siku za mwanzo nilikuwa najikuta nausubiri ukatike.

Kontena la kwanza la singa za mkonge, zile nyuzi ghafi za kusokotea kamba, likaja. Kufungua mlango, ile harufu ikanipiga usoni. Robota la mbele lina alama ya shamba la kwetu, njia ya Muheza.

Nikaliinamia nikavuta pumzi. Wenzangu wakadhani naumwa.

Sikulia, lakini ilibaki kidogo. Nilitamani kila kitu cha mle ndani kiwe Tanga. Umeme ule, spea zile, barabara ile, na watu wetu themanini mle, Bi Zuhura na soga zake.

Niliporudi, kiwanda chetu kilikuwa kimepunguza watu. Bi Zuhura alikuwa mmoja wao. Nikaenda kwake.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba baba. Haya niambie, pahala pangu kakaa nani?"

"Hakuna mtu, Bi. Kuna kamera."

Akacheka, akadhani namtania. Aliponiona sicheki akauliza, "Inauona uzi mwembamba?"

"Inauona."

"Wote?"

"Wote."

Akavitazama vidole vyake kitambo.

"Sasa hiyo kamera si ina mtu anayeiongoza? Mbona hawakuniuliza kama nataka kujifunza?"

Nilikosa pa kuangalia. Kwa sababu hata mimi, niliyemjua miaka yote ile, halikunijia wazo la kumuuliza.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Tunajisifu kwamba sisi ni rahisi, tukidhani ndiyo sababu ya mgeni kubaki. Bwana Paulo hakuondoka kwa sababu ya mishahara yetu, wala hatukuwa wavivu. Alifuata mnunuzi, umeme wa uhakika na spea ya kesho yake. Kwa hiyo tunapodai viwanda, tudai na hivyo. Na tudai watu wetu wafundishwe mashine mpya kabla hazijawakuta wamekaa.

Waliowahi kufanya kazi viwandani pwani hii, semeni yenu. Anayenipinga pia anipinge, nasoma kila kitu.

Na kama kuna anayejua chuo huku Tanga kinachofundisha hizo mashine za kamera, na kinampokea mwanafunzi wa miaka hamsini na sita, aweke hapa chini. Mwanafunzi yuko tayari.