Mkono wa Riek Juu ya Spika

Riek anakaa juu ya kichwa changu. Yeye ghorofa ya nne, mimi ya tatu, katika jengo hili la Charlois, Rotterdam, lisilo na lifti, na kati yetu kuna dari niliyoibandua rangi kwa mpini wa ufagio. Kila Jumapili mchana huwafundisha wageni muziki wa hardcore, zile ngoma za umeme zinazokimbia. Mimi siupendi, nasema wazi. Makelele matupu.

Ujanani, bado msichana, alinyoa kichwa, akavaa suti ya michezo, akacheza mpaka viatu vikaachia soli. Sasa ana miaka hamsini na mbili, mgongo umeikataa kazi ya bandarini na goti limezikataa ngazi. Kilichombakia ni Jumapili. Mtu akitaka kuujua muziki huu, Rotterdam Kusini nzima humwelekeza kwa Riek.

Tatizo ni masikio. Zilianza kupotea sauti nyembamba, ikafuata kengele ya mlango, kisha maneno ya watu. Niligundua siku nilipomtukana ngazini kwa ajili ya baiskeli yake, naye akatabasamu: "Na wewe pia, jirani, Jumapili njema."

Nilipombana, alikiri huku akinitazama midomo. "Ukisema, nimekwisha. Nani atamleta mtu kwa kiziwi ajifunze muziki? Wataniletea maua, waondoke. Nibaki na kuta."

"Mficha uchi hazai, Riek."

"Watoto sikuwahi kuwataka."

Siri yake ikanifunga na mimi.

Jumapili moja nilipanda kulalamika, nikapewa kahawa na biskuti moja, kopo likafungwa. Walikuwepo Lieke, muuza jibini sokoni, na mchumba wake Jurre.

"Weka kiganja juu ya spika," Riek alimwambia Lieke. "Masikio hudanganya." Wageni huona ni hekima. Mimi nilitazama kahawa yangu.

Akaweka sahani ya santuri ya gabber, hardcore ya zamani. "Huyu ndiye baba. Anagonga kama polisi mlangoni." Akaweka frenchcore. "Huyu mwanawe, ana haraka lakini anarukaruka, mchangamfu." Kisha terror: "Huyu kagombana na ukoo mzima." Ilipofika speedcore, ya kasi kuliko zote, mkono wa Lieke ulitetemeka mpaka bangili zikalia.

"Hii ngoma au mashine ya kufulia?" Jurre aliuliza.

Riek alikuwa anamtazama mdomo. "Mashine ya kufulia hupumzika, mwanangu."

Tukacheka wote. Ndipo Lieke akatoa sahani yake mwenyewe, mpya. "Shangazi Riek, huu wa kizazi chetu ni wa ukoo gani?"

Za zamani Riek anazijua kwa moyo. Hii hakuwahi kuigusa. Aliweka kiganja, ngoma zikadunda vizuri, akatikisa kichwa kuzifuata. Kisha zikakoma, kama zinavyokoma katika nyimbo zote hizi, ukabaki wimbo peke yake, mwembamba, na watu huinua mikono wakisubiri ngoma zirudi. Lieke aliinua yake. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliona ni mtamu.

Chini ya kiganja cha Riek spika ilikuwa imetulia. Akanyanyua sindano.

"Haya," akasema, "huyo ni mjukuu wa gabber. Mfupi, lakini ana adabu."

Mikono ya Lieke ilibaki juu.

"Shangazi, umeukata mahali patamu!" Jurre alicheka. Kisha akaona macho ya Riek yakihama kutoka mdomo wake hadi wa Lieke, hadi wangu, yakitafuta kosa. Kicheko kikamkauka.

"Bado ulikuwa unaimba," Lieke alisema polepole.

"Najua," alisema Riek. Uso ulimwiva. "Nendeni, goti linaniuma."

Jumapili iliyofuata, juu kimya. Lieke na Jurre walikuja, wakabonyeza kengele, wakaita, wakashuka. Nilipanda nikaupiga mlango kwa ngumi. Hakufungua. Nilirudi kwangu nikafungua gazeti, nikasoma mstari mmoja mara nyingi. Kimya kile kilinitia hasira na kilinitia huzuni, na sikujua pa kwenda navyo.

Nikachukua ufagio. Miaka yote hii nimegonga ili anyamaze. Sasa niligonga ngoma ile ya baba, ya polisi mlangoni, du du du du, mpaka mkono ukafa ganzi na rangi ikaniangukia machoni.

Nilikuwa nakaribia kuuweka chini, miguu ikanijibu darini. Mizito, ya haraka, sawasawa na ufagio wangu, hata kwa goti lake lile bovu.

Mlango hakuufungua siku ile. Nikaendelea kugonga.