Hapa ni Hapa

Wifi yangu tunamwita Nukta, na jina hilo nilimpa mimi. Alipoolewa na kaka yangu nilimwandikia barua ya kumkaribisha, akanirudishia imejaa wino mwekundu: hapa weka nukta, hapa umerudia neno, hapa unamaanisha nini? Nilinuna wiki nzima. Sasa ni mwaka wa kumi na nne tunafanya kazi chumba kimoja, mimi na cherehani yangu upande wa dirisha, yeye na kompyuta yake upande wa mlango, katikati pazia ambalo nyuma yake napimia wateja, na bado hajaniacha nimalize sentensi vibaya.

Kazi yake ni kuwaandikia watu. Maombi ya kazi, malalamiko ya kiwanja, wosia, hata barua ya kumwomba mkwe msamaha. Anasikiliza bila kuguna, anauliza maswali matatu, kisha vidole vinaanza kutembea. Ukutani amebandika karatasi yenye herufi kubwa: LINALOANDIKWA HAPA LINABAKI HAPA. Mimi kule kwenye cherehani nasikia kila kitu, na mdomo wangu najua hauna bawaba, ndiyo maana siku ya kwanza alinilisha yamini kwamba nikitoa neno nje nitahamisha cherehani yangu siku hiyohiyo. Hili ninalosimulia leo mteja mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Basi tumwite Mama Mapacha, kama wanavyomwita wote. Alikuja asubuhi moja amevaa gauni la vifungo vya shaba nililomshonea mwenyewe, akakaa mbele ya Nukta, akasema anataka kuandikiwa maombi ya talaka. Mumewe ni muuza saruji wa barabara ya pili, bwana anayecheka na kila mtu dukani, akifika kwake anavua kicheko pamoja na viatu. Alishamwambia mkewe waziwazi: siku ukifungua mdomo kuhusu kuondoka, watoto nawapeleka kwa mama yangu, na hutawaona tena. Kwa mama yake ni safari ya siku mbili. Kwa hiyo yale maombi yalitakiwa yafike mahakamani kabla ya kufika masikioni mwa muuza saruji. Kilichobaki ni nakala ya cheti cha ndoa, na ofisi ya usajili ilimwambia asubiri wiki mbili. Nyumbani hakuwa na pa kuficha hata sindano.

"Itakaa kwangu," Nukta akamwambia. "Ukipata cheti, njoo tuchape, utie sahihi, uende moja kwa moja."

"Dada, hao watoto wana miaka sita."

"Nimeshasema itakaa kwangu."

Sasa, wakati ule Nukta alikuwa na kompyuta mpya, ya miezi mitatu. Chini ya kioo kulikuwa na kisanduku kirefu cheupe kimeandikwa 'Tafuta hapa'. Alikipenda kisanduku kile mpaka nikaona wivu. Zamani kutafuta barua ya mtu ilikuwa kufungua folda juu ya folda. Sasa anaandika maneno mawili tu, barua hiyo. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa mambo kamili, kila faili alilipa jina lake kamili: nani, na anataka nini. Lile la mteja wetu huyu aliliita 'Talaka Mama Mapacha'. Kila alipotaka kurekebisha kitu, aliyaandika maneno hayo matatu kwenye kisanduku.

Mimi ndiye niliyeona kwanza kuwa kuna kitu. Nilikwenda kumwomba mkasi wangu anaopenda kuuazima bila kuuliza, nikaona pembeni ya jina la faili kuna vipicha: mawakili wa ndoa, ushauri kwa wanandoa, sijui pete za nani.

"Wifi, hao mawakili umewaita wewe?"

"Matangazo tu hayo," akasema.

Siku ya nne tangu maombi yaandikwe, akaingia muuza saruji mwenyewe. Alitaka kuchapiwa orodha ya bei, ile ya mwezi uliopita ibadilishwe tarehe. Akaja kusimama nyuma ya kiti cha Nukta, mikono kiunoni, kama bosi wake. Nukta akabofya kisanduku. Hajaandika hata herufi, kikafunguka chenyewe na kushusha orodha ya yote aliyowahi kutafuta. Ya juu kabisa: talaka mama mapacha.

Muuza saruji alikuwa anajipapasa mfuko wa shati akitafuta miwani. Aliipata, akaikunjua, akaifuta kwa ncha ya shati, na huo ndio muda aliotujalia Mungu, kwa sababu Nukta alinyoosha kidole akazima kioo.

"Umeme huu," akasema.

Bwana akaangalia juu. Feni ilikuwa inazunguka bila wasiwasi wowote. "Mbona feni inakwenda?"

"Feni ina waya wake," nikadakia mimi, na sijui nilikuwa nasema nini. "Pita jioni, shemeji."

Alipotoka, Nukta aliinuka kitini. Alikwenda kusimama mbele ya ile karatasi yake ukutani, akaisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Kisha akaibandua. Nimemjua wifi yangu akiwa na hasira, nimemjua akiwa na homa, nimemjua kwenye msiba wa baba yake. Siku ile aliona aibu, na hiyo sikuwahi kuiona kwake.

Tukamwita fundi kompyuta aliyemuuzia mashine. Akaja anatafuna bazoka, akaeleza kwa mapozi: kisanduku kile hakitafuti ndani ya mashine peke yake, mama. Ukiandika neno, neno linatoka kwenye mtandao, linakwenda kuulizwa huko kwa wenye programu, linarudi na majibu na matangazo, na linatunzwa chini ya jina la akaunti yako. Zote ziko hivyo, mama. Nani atakufuatilia wewe?

Nukta akamwangalia. "Kimeandikwa nini hapo?"

"Tafuta hapa."

"Hapa ni wapi?"

Fundi akaacha kutafuna.

"Nakuuliza Kiswahili. Hapa ni hapa. Kama nimemtuma mtu chumbani kwangu aniletee nguo ya ndani, naye akapita kwanza sokoni kuuliza nani ameiona, huyo ametafuta hapa?"

Mimi nyuma ya cherehani nilikuwa nimefunika mdomo kwa kitambaa cha mteja. Fundi akasema kuzima kote huko ni kazi, na ataharibu mambo. Nukta akamwambia aketi. Yeye akavuta kiti kingine, akafungua daftari, na kila swichi iliyozimwa aliiandika na njia yake, ili kesho asimhitaji fundi. Mipangilio, kisha faragha. Kumbukumbu za utafutaji: zima. Kutafuta kwenye akaunti: zima. Mapendekezo: zima. Kukizuia kisanduku kisitoke kwenda mtandaoni hakukuwa na swichi ya kuonekana, fundi ikabidi aingie ndani kabisa, jasho linamtoka na feni ile ile juu yake. Mwishowe wakaliondoa folda la wateja kwenye ile faharasa ambayo mashine inajitengenezea kwa kusoma mafaili ya watu hadi ndani.

"Na yaliyokwisha kutoka?" Nukta akauliza.

"Unaweza kuyafuta kwenye akaunti. Kama yanafutika kabisa huko kwao, mama, mimi siwezi kukuapia."

"Ahsante. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli ulilosema leo."

Akayafuta mwenyewe, fundi ameshaondoka. Yalikuwa ya miezi mitatu, siku kwa siku, saa kwa saa, yake na ya wateja wanaomwomba wakae kidogo kwenye kiti chake watafute jambo lao. Niliona anashuka, anashuka, halafu akasimama mahali. Akasoma mstari mmoja. Kisha akafuta.

"Umeona nini?"

"Shona, wifi."

Likabaki suala la majina ya mafaili, na hapo, nasema bila kujisifu sana, nilimwokoa mimi. Daftari langu la vipimo halina jina la mtu hata moja. Wateja wangu hawapendi kiuno chao kijulikane, kwa hiyo naandika alichovaa siku ya kwanza: Blauzi ya Bluu, Suruali Iliyopauka, Kofia ya Harusi. Uso naukumbuka kwa nguo. Nukta alilipekua daftari langu, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, akarudi kwenye kompyuta. Jioni ile hapakuwa tena na talaka wala wosia mle ndani. Kulikuwa na nguo tupu. Karatasi yake akairudisha ukutani kwa gundi mpya.

Muuza saruji alirudi baada ya siku tisa, na safari hii hakuja kwa orodha ya bei. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mkewe ameonekana akiingia kwetu mara tatu.

"Anafuata nini hapa?"

"Anafuata gauni," nikasema.

"Sijakuuliza wewe." Akamgeukia Nukta. "Amekuandikisha nini?"

Nukta hakupepesa macho. Alisimama, akakigeuza kiti, akampisha. "Miwani unayo? Kaa utafute. Kisanduku hicho hapo."

Nilitaka kumfinya. Yule bwana alikaa, akaandika jina kamili la mkewe kwa kidole kimoja. Hakuna. Akaandika talaka. Hakuna. Mikono yangu ilikuwa kwenye cherehani na mguu umekataa kukanyaga. Akaandika mapacha. Kikatokea kitu kimoja, naye akasogeza uso karibu na kioo, akakifungua na kukisoma kwa sauti: "Sare za mapacha. Ukishona ya kwanza, ya pili nusu bei. Muone fundi, upande wa dirisha."

"Hilo tangazo langu, shemeji," nikasema. "Na wako hujawahi kuwaleta."

Akabaki amekaa. Nilidhani atapiga meza. Badala yake alishusha sauti, nikalazimika kuinamisha sikio kuelekea pazia. "Na ile niliyotafuta mimi? Ile siku ya mwezi uliopita, uliponipisha kitini."

"Haipo."

"Umeiona?"

"Nimeifuta, bwana. Kinachoandikwa hapa kinabaki hapa. Chako na cha mwingine yeyote."

Aliikunja miwani polepole. Alimwangalia wifi yangu kwa namna ambayo sikuijua kwake, kisha akaondoka bila kufunga mlango.

Jumatatu iliyofuata Mama Mapacha alikuja na cheti. Nukta akafungua faili la 'Vifungo vya Shaba', akachapa nakala tatu, mama akatia sahihi. Saa nne maombi yalikuwa mahakamani, na kabla ya jua kutua mahakama ilishaandika kwamba watoto hawaondoshwi mpaka kesi isikilizwe. Sasa anaishi vyumba viwili karibu na shule ya wanawe. Mapazia nimemshonea mimi, na zile sare, ya pili kwa nusu bei.

Lakini mimi nina donda langu. Mpaka leo sijui yule bwana alitafuta nini. Ugonjwa? Mwanamke? Namna ya kumrudisha mke? Mtu tuliyekuwa tunamchukia wote, aliyetaka kunyang'anya watoto, na siri yake wifi yangu ameimeza kama ya ndugu yake. Nimemuuliza wakati wa chai, nimemuuliza akiwa na usingizi, nimemtuma hata kaka yangu amuulize. Juzi nikajaribu tena, nikamwambia sisi ni ndugu, chumba kimoja, miaka kumi na minne, angalau neno moja.

Hakuinua kichwa kutoka kwenye herufi zake.

"Hapa weka nukta," akasema.