Mkunga na Ufunguo wa Kabati

Siku Didas alipoletwa kuwa tabibu wa zahanati yetu, katika kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Chole, wilayani Kisarawe, Mwanahalima Mwinshehe alikuwa amekwisha kuzalisha akina mama wa hapo kwa miaka saba. Huo ulikuwa mwaka 1974. Yeye alikuwa na miaka arobaini na minne, Didas ishirini na sita, kijana wa bara aliyetoka chuoni juzijuzi. Kazi aliijua, hilo hakuna aliyelikataa. Lakini mdomo wake!

Asubuhi ya kwanza Mwanahalima alimkaribisha kwa heshima. Didas akamtazama kuanzia kanga hadi ndala.

"Wewe ndiye mfagizi?"

"Mimi ni mkunga, tabibu. Nilisomea miezi sita."

"Miezi sita!" alisema Didas, akacheka peke yake.

Tangu hapo hakumwita jina. Ilikuwa "wewe, lete maji", "wewe, nani kakwambia uandike hapa?", tena mbele ya wagonjwa. Kipimo cha presha, ambacho Mwanahalima alikuwa akikitumia kila siku ya kliniki, alikifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Eti kitaharibika. Kilichomuuma zaidi mama huyu ni wanawake wenyewe. Walianza kumfuata nyuma ya jengo na kumnong'oneza, "Bi Mwanahalima, hayo uliyoniambia ni kweli, au nikamuulize tabibu?" Akirudi nyumbani mumewe, Salehe, alikuwa akiijua siku ilivyokwenda kwa namna sufuria zilivyotua jikoni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, alikuja Zubeda, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Uso ulikuwa umemvimba. Mwanahalima alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale.

"Kichwa je?"

"Kinapasuka tangu jana. Nikiinuka naona vimulimuli."

Mwanahalima aliingia chumba cha tabibu. "Naomba kipimo cha presha. Zubeda hayuko salama, inafaa aende hospitali Kisarawe leo hii."

Didas hakuinua macho. "Kila mjamzito huvimba miguu. Mpe aspirini, aende akalale."

"Uso pia umevimba, tabibu. Njoo umwone tu."

"Wewe umekuwa daktari lini?"

Watu kwenye benchi walisikia, na mmoja akacheka. Mwanahalima aligeuka pale mlangoni kwa hasira. Kisha akavua aproni, akatoka na kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Matano. Lori la korosho lilikuwa likipakiwa, na mzee akamwamuru dereva ampishe mgonjwa kiti cha mbele. Mwanahalima alipanda nyuma, juu ya magunia, kwa sababu hakuwa tayari kumwacha Zubeda.

Walipofika hospitali, Zubeda hakumaliza hata ngazi za mbele. Alianguka kwa kifafa cha mimba mikononi mwa wauguzi. Alipona, na mtoto wa kike akatoka mzima. Daktari wa zamu aliandika barua kwa tabibu kwamba wangechelewa saa moja tu wangewapoteza wote wawili. Didas aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Wiki hiyo hiyo akamshtaki Mwanahalima kwa kamati ya kijiji: ameacha kazi bila ruhusa.

Kamati ilikaa. Mzee Matano, ambaye ugomvi ulimchosha, alisema, "Ninyi ni watumishi wa wananchi. Pataneni, yaishe."

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanahalima. "Mimi sikugombana naye. Nipatane naye kwa lipi? Mwaka mzima nimetukanwa, nimenyamaza. Leo nimeokoa mtu, naambiwa nipatane! Nataka kipimo kiwe wazi, na niitwe jina langu."

La kipimo walikubali, na ufunguo ukatundikwa ukutani. La jina, Didas alilitatua kwa njia yake: hakumsemesha kabisa. Kwa miezi kumi na moja alimtuma mgonjwa, "Mwambie huyo alete pamba," naye Mwanahalima amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alipohamishwa alimuaga kila mtu ila yeye.

Tabibu aliyefuata alikuwa mwanamke mpole, Eugenia. Siku ya kwanza alisema, "Shikamoo mama, nioneshe unavyopanga vitu vyako."

"Viko humo. Angalia," alijibu Mwanahalima, akampa mgongo.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mwisho wa wiki Eugenia alimfuata na kumuuliza taratibu, "Mama, nimekukosea nini?"

Mwanahalima alikasirika upya, safari hii kwa kuona jinsi ukali wa yule kijana ulivyokuwa umemwingia mdomoni mwake mwenyewe. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akamwomba Eugenia naye aketi, akaanza kumsimulia habari ya Didas na ule ufunguo wa kabati.