Kila Sikukuu na Uchafu Wake

Mama Dekio hakuhitaji kalenda. Ungemfunga kitambaa machoni, ukamwingiza asubuhi yoyote kwenye ule ukumbi wa kukodisha, angevuta pumzi mara moja tu na kukutajia sikukuu iliyosherehekewa jana yake. Alikuwa ameusafisha kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo alifikia uamuzi mmoja ambao hakuna aliyeweza kuutengua: binadamu akifurahi, ananuka.

Siku ya wapendanao ndiyo iliyomtia kinyaa kuliko zote. "Wanapendana mpaka chooni," alikuwa akisema, amevaa glavu, akichomoa mawaridi moja moja kutoka kwenye bomba lililoziba. Kila mwaka hakukosekana msichana aliyekasirika, na hasira zake ziliishia hapo hapo. Siku ya Wafanyakazi walikuja wafanyakazi wa watu, wakahutubiwa juu ya heshima ya kazi, wakabandika chingamu chini ya viti. Yeye, mfanyakazi, alizibandua kwa kisu siku ya pili. Na Siku ya Mama, mtume! Wanaume wazima na ndevu zao walishika kipaza sauti wakatoa machozi, mama ni dhahabu, mama ni nguzo, kisha wakafuta kamasi kwa kitambaa cha meza na kuficha mifupa ya kuku chini yake, ili mama wa mtu mwingine aje aiokote.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Mama Dekio aliamini wahenga hao hawakuwahi kufungua ukumbi siku mbili baada ya mwaka mpya, krimu ya keki imekauka kwenye pazia na mtu katapika nyuma ya spika. Methali yake yeye ilikuwa fupi: mgeni njoo, mwenyeji adeki.

Tatizo ni kwamba alikuwa na binti, na sikukuu zote hizo zilimkuta binti huyo kwa jirani. Mtoto alikua, akawa fundi cherehani mwenye duka lake, na hakukuwa na picha hata moja ya sikukuu ambayo mama yake yumo. Mama alifika jioni ananuka dawa ya choo, akala kwa kusimama, akalala. Hata siku alizokuwa nyumbani, puto likipasuka alishafika na fagio kabla mtoto hajamaliza kucheka.

Basi mwaka huu, alipotangaza kwamba anastaafu siku ya mwisho ya Desemba, binti alimshika mkono.

"Mama, mwaka mpya huu ni wangu. Saa sita mchana nakufuata nyumbani. Uoge, uvae lile gauni nililokushonea, ukae. Usishike fagio."

"Sishiki."

"Ukishika, mama, mimi basi tena. Sikualiki tena, nakwambia kweli. Nimechoka kusherehekea na mgongo wako."

Neno hilo lilimchoma. Aliapa kwa jina la marehemu mama yake.

Asubuhi ya mwaka mpya aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akaoga, akavaa gauni. Saa moja alikuwa ameketi kitandani hana la kufanya, mikono imelala mapajani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajarudisha ufunguo wa ukumbi. Atapita mara moja, amkabidhi mlinzi, arudi.

Mlinzi hakuwepo langoni; bila shaka amekwenda kununua chai. Mama Dekio akaona afungue achungulie. Achungulie tu, jamani, kuna dhambi gani?

Lo! Maputo ukuta hadi ukuta. Riboni kwenye viti. Vikaratasi vya kung'aa vimemwagwa juu ya meza. Juu ya jukwaa kitambaa kirefu chenye maandishi makubwa ambayo hakuyasoma, maana vitambaa vyote husema hongera. Haijaisha hata siku moja tangu aondoke, na mvivu waliyemwajiri badala yake hajatokea!

Kitu kimoja kingemshtua: ukumbi haukuwa na harufu yoyote. Lakini alishakasirika. Aliikumbuka ahadi, akatazama saa. Saa moja na nusu. Nani atajua?

Alikunja gauni kiunoni, akashika fagio. Maputo aliyapasua kwa pini, kila moja na tusi lake. Kufikia saa nne mifuko minne ilikuwa imejaa na kufungwa nje ya mlango wa nyuma, sakafu inang'aa, naye anajisikia mtu.

"Mama."

Binti alikuwa mlangoni na keki mikononi. Nyuma yake walisimama wafanyakazi wa ukumbi, na mlinzi, ambaye kumbe alikwenda kuwasaidia kubeba vyakula, na birika lake la chai.

"Tulipamba jana jioni," binti alisema polepole. "Ukumbi haukukodishwa. Niliuomba kwa ajili yako."

Mama Dekio alitamani ardhi ipasuke. "Mwanangu, nilidhani ni uchafu."

Binti aliweka keki mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Basi, ndiyo ameondoka, mama alijiambia, na fagio bado ninalo mkononi.

Binti akarudi anaburuta mfuko. Akaufungua, akavuta kile kitambaa kilichokunjamana, akamshikisha mlinzi upande mmoja. MAMA, LEO USIFAGIE.

Aliyeanza kucheka ni mlinzi, chai ikamwagika. Wakafuata wote, binti akicheka na kulia kwa pamoja. Alimpokonya mama yake fagio, akalifungia stoo, ufunguo akautia kifuani. Akamkalisha kwenye kiti cha katikati. Kisha akachota vikaratasi vya kung'aa kwa mikono miwili kutoka kwenye mfuko na kummwagia kichwani.

Vilimwingia shingoni, vikamganda mdomoni, vikatawanyika kwenye sakafu aliyoideki mwenyewe. Kinyaa kilimpanda vilevile.

"Nani atadeki kesho?"

"Si wewe, mama."

Vidole vyake vilikuwa vinamwasha. Mlinzi aliinua simu, akahesabu mpaka tatu. Katika picha hiyo, ya kwanza ya sikukuu ambayo yumo, Mama Dekio amekunja uso kama mtu aliyefungua choo cha ukumbi, na ameketi.